Alama Mbele ya Jina la Halima

Kindu, tarehe 14 Desemba 1971

Mwanangu Mbaraka,

Salamu aleikum. Hapa nyumbani tuko wote wazima. Mama yako Halima iko na nguvu. Goti la kushoto linamusumbua wakati wa mvua, mudomo haumusumbui hata kidogo. Wewe je? Kifua, tumbo, usingizi, viko namna gani? Jibu kimoja kimoja, mama yako hakubali "niko salama" peke yake.

Barua hii naiandika mwenyewe. Zéphirin, jirani yetu, karani wa gare, stesheni ya gari la moshi, alitaka kuniandikia, nikamukatalia. Muntu aliyegeuza reli za gare ya Kindu miaka makumi mbili na mbili bila behewa hata moja kuanguka, hashindwi na kalamu. Nimejifunza herufi kwenye mafundisho ya Chama, na mwalimu mwenyewe alisema hajaona muzee mwenye kichwa kama changu.

Sasa nisikilize. Nimesikia kwamba ninyi wanafunzi wa Kinshasa mulimutukana Rais barabarani, na wamewatia wote jeshini. Nimeona haya. Chama kimenichagua mimi mukubwa wa selile, tawi la njia yetu, nyumba makumi ine na moja, salongo ya Jumamosi, ile kazi ya bure ya Chama, mimi njo naita majina, na mutoto wangu njo yule anapiga kelele.

Wewe umesahau upesi. Ulikuwa na miaka kumi na mbili wakati wa vita tulipokimbilia porini upande wa Tunda. Tulikula mizizi. Mudogo wako alifia mugongoni mwa mama yako, naye akatembea naye mpaka magaribi kabla ya kumushusha, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kusimama. Tangu Rais huyu alipokamata inchi sijasikia bunduki hata siku moja. Njo sababu nilichukua kadi ya Chama. Si kwa ajili ya ngoma na nyimbo zao. Muntu akiniletea usingizi, namushukuru.

Vumilia jeshi. Litakunyosha.

Baba yako,
Bulaimu, mukubwa wa selile


Kambini, 20 Februari 1972

Baba yangu,

Salamu zako zimefika, na mimi narudisha salamu kwako na kwa mama. Kifua ni kizima. Tumbo limezoea maharagwe yenye wadudu. Usingizi ni mfupi, maana tunaamshwa kwa filimbi. Mwambie mama nimejibu yote matatu.

Baba, sijasahau Tunda. Lakini usingizi unaousema ni wa mtu aliyefungwa mdomo. Hatukumtukana mtu. Tulitembea tu kuwakumbuka wenzetu waliouawa na askari, na kwa kutembea huko tumenyolewa vichwa. Wewe unaita majina ya watu waende kufyeka nyasi. Je, yuko mmoja anayeweza kukuambia leo sitaki?

Sitaki tugombane kwa barua. Sajenti anazisoma kabla hazijatoka, na hii nimempa rafiki aipeleke kwa mkono.

Mwanao,
Mbaraka


Kindu, tarehe 9 Desemba 1977

Mwanangu Mbaraka,

Salamu aleikum. Sisi tungali wazima. Mimi nimeng'oa jino moja, sikulia. Mama yako anauliza kama umeoa, na kama hujaoa anauliza unangoja nini, na kama unaumwa useme. Miaka sita umetuandikia mara tatu. Nazihifadhi zote, hata ile ya matusi.

Ulikuwa umeniuliza kama iko muntu mumoja anaweza kuniambia "leo sitaki." Nilikasirika sana, lakini jibu ninalo. Yuko. Analala kitandani kwangu.

Juma lililopita tulipiga kura ya Rais. Mimi walinipa ukubwa wa meza nzima ya kura, si njia yetu peke yake. Karte za kijani za kusema ndiyo zilikuwa mbele yangu, zimepangwa vizuri. Karte nyekundu za kusema hapana zilikuwa kwenye katoni chini ya kiti cha Okito. Okito njo yule Zéphirin. Chama kilikataza majina ya Wazungu, na mimi njo ninasimamia. Mama yake mwenyewe akimwita Zéphirin namukemea. Katoni ile haikufunguliwa. Nilihesabu kama ninavyohesabu mabehewa: punje za mahindi mufuko wa kuume, na kila muntu anayepita, punje moja inahamia mufuko wa kushoto. Kijani tupu. Katibu wa zone, wilaya yetu, alinishika mukono mbele ya watu.

Wote walikuja, isipokuwa mama yako. Nilimuambia, Halima, unaniaibisha. Akaniambia anaumwa. Nikamuambia unaumwa wapi. Akaendelea kutwanga majani ya sombe, muntu mugonjwa anatwanga sombe, kisha akasema: "Hata sokoni nikinunua sombe nageuza fungu la kwanza, naangalia la pili. Ninyi munaniitia fungu moja, munasema chagua. Siku mukiweka mbili nitavaa kitenge kipya nije."

Nilimuandika mugonjwa. Ningefanya nini, ningemuandika mukaidi? Kila kura anaumwa, na siku ya pili yake anapona.

Baba yako,
Bulaimu, mukubwa wa meza


Kisangani, 3 Mei 1979

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisangani, ambako maji ya mto wetu yanapita na kuniletea habari zenu bila kufungua kinywa. Nimepona malaria. Nimeoa pia, mama ashukuru. Ni binti wa watu wa mji wa Kama, mtulivu, anaswali.

Nina neno ambalo litakufurahisha na linanichekesha mimi mwenyewe. Nimemaliza shule ya Chama, nimepewa kazi katika ofisi ya mkoa. Navaa abakosti, lile koti la Chama, bila tai, kama wote. Nimefikiri sana, baba. Wenzangu waliobaki na hasira, mmoja yuko gerezani, mmoja alitorokea Kigoma, wa tatu anauza mafuta ya taa. Hakuna walichobadilisha. Aliye ndani ya nyumba anaweza angalau kuhamisha kiti. Wewe ulisema kweli na mimi nilikuwa mtoto.

Mwambie mama nitakuja mwakani, Mungu akipenda.

Mwanao,
Mbaraka


Kindu, tarehe 11 Machi 1983

Mbaraka,

Salamu aleikum. Safari hii siulizi kifua wala tumbo. Keti chini kwanza.

Mama yako alirudi kwa Mwenyezi Mungu Jumanne, saa nne ya asubuhi. Tumbo lilimukamata Jumapili. Tulimubeba kwenye machela mpaka hospitali. Walikuwa na kitanda. Maji ya kutia kwenye mushipa hawakuwa nayo. Muganga aliniandikia karatasi niyatafute mujini. Nilikwenda kwenye magazini, duka la zamani la yule Mugiriki, ile Chama kilimunyang'anya kikamupa mukubwa mumoja wa kwetu, na mimi siku ile nilipiga makofi mpaka mikono ikauma. Rafu zote tupu. Kulikuwa na vifungo vya mashati, na kuku anatembea.

Tulimuzika siku ile ile. Sisi watatu tulishuka kaburini kumupokea: mimi, na ndugu zake Sudi na Amuri, kwa sababu mwanamuke wetu hashikwi na muntu mwingine pale. Nilimulaza mwenyewe juu ya ubavu wa kuume, nikafungua kamba ya sanda. Telegramu yako ya kujibu ile ya Jumapili, kwamba mama anaumwa, ilisema mashua imeharibika Ubundu. Ungefika ungekuta udongo tayari.

Watu wanasema maneno mengi juu ya hospitali. Mimi nimewaambia Rais hajui. Wadogo wake wa kazi wanamudanganya. Angejua, maji yangekuja.

Omba dua.

Baba yako,
Bulaimu


Kindu, tarehe 2 Agosti 1984

Mwanangu Mbaraka,

Salamu aleikum kwako, kwa mukeo na kwa mujukuu wangu ambaye sijamuona. Mimi mwili ni muzima. Niko na hasira, na hasira inanifanya nile vizuri.

Jumapili tulipiga kura ya Rais tena. Mimi mukubwa wa meza kama kawaida, Okito na daftari la majina pembeni yangu. Punje zangu za mahindi mufukoni. Jua lilipolala nilimwaga mufuko wa kushoto juu ya meza nikahesabu mara mbili: mia tatu makumi ine na moja. Okito akasema daftari linasema mia ine makumi sita.

Nikamuambia, Okito, miaka makumi tatu na moja kazini sikukosa hesabu ya mabehewa hata mara moja, na behewa halisimami kukungoja.

Akasema, "Muzee, tia sahihi. Watu wana njaa."

Nikasema nionyeshe daftari. Akalivuta kwake, nikalivuta kwangu. Sisomi haraka, lakini kuna majina nayajua kama uso. Nikapitisha kidole. Mbele ya kila jina alama ya wino, amekuja, amepewa kijani. Nikafika kwetu. Bulaimu, alama. Chini yake, Halima, alama.

Nilimuuliza, huyu alikuja saa ngapi? Alivaa nini?

Okito hakuniangalia. Akasema orodha ilitoka zone, na alama nyingine zilikuwa tayari asubuhi alipoifungua.

Mbaraka, huyu mwanamuke katika uhai wake aliwakatalia. Aliwakatalia akiwa na mume mukubwa wa meza. Nilimuomba, nilimutisha, mwaka mumoja nilikataa chakula chake siku mbili, akakila yeye. Sasa amelala asikojibu, wamekwenda kumufungua mukono wamutie karte ya kijani.

Sikutia sahihi. Karatasi ilikwenda zone bila jina langu. Nimesema nitatia siku watakapofuta ile alama, si siku moja kabla.

Baba yako,
Bulaimu


Kisangani, 19 Septemba 1984

Baba mpendwa,

Salamu na heshima. Nyumbani kwangu wote hawajambo, mtoto ameanza kusimama. Nakuombea afya, na zaidi ya afya nakuombea utulivu.

Barua yako ilinifikia siku moja na simu kutoka Kindu. Mkubwa wangu ofisini aliniuliza, "Huyu Bulaimu asiyetaka kutia sahihi ni nani wako?" Nikamjibu ni baba yangu.

Baba, nakusihi, tia sahihi. Namlilia mama kama wewe. Lakini ile ni alama ya wino. Haimwongezei wala haimpunguzii kitu kule aliko. Majina ya wafu yamo katika daftari zote za nchi, kila mtu anajua, hata waliopo juu wanajua. Ni desturi, kama kupiga makofi. Wewe mwenyewe ulinifundisha kuvumilia. Nina mke, nina mtoto, nina kiti ambacho watu kumi wanakitamani.

Ni jina tu, baba.

Mwanao,
Mbaraka


Kindu, tarehe 7 Oktoba 1984

Mbaraka,

Salamu aleikum. Nashukuru mutoto anasimama. Mufundishe kusimama vizuri.

Umesema hata walio juu wanajua. Neno lile nililisoma mara ine, nikadhani macho yananidanganya. Kwa hiyo Rais anajua. Miaka yote nilikuwa nasema kwa watu, mbele ya salongo, mbele ya kaburi la mama yako, kwamba hajui. Muntu wa kwanza wa ndani ya ofisi ya Chama kuniambia anajua, njo mutoto wangu. Asante. Wengine walikuwa wananiambia kwa hasira, wewe umeniambia kama muntu anayesema leo kuna mawingu.

Nikufundishe kitu cha kazi yangu. Behewa likianguka mara moja, ni kosa la muntu wa reli, mufukuze. Yakianguka kila siku, na mukubwa wa gare anakula chakula chake pale pale dirishani, anayaangalia, basi si kosa tena. Njo kazi yenyewe.

Jumatatu nilikwenda zone na Sudi na Amuri, wale tulioshuka nao kaburini. Katibu anaitwa Kalume, kijana wa miaka makumi tatu, tumbo la miaka makumi tano. Nikamuambia tumekuja kufuta kura ya muke wangu, maana alikufa.

"Cheti cha kifo kiko wapi?"

"Hospitali hawakuwa na karatasi. Hawakuwa na dawa, wangekuwa na karatasi? Mashahidi ni hawa. Tulimulaza kwa mikono hii."

Akafikiri, akatabasamu. "Muzee, kama kweli alikufa, kura yake nani aliipiga? Mukubwa wa meza ulikuwa wewe. Mwizi njo wewe."

Amuri akanivuta kanzu tuondoke. Mimi nikavuta kiti nikakaa. Nikamuambia, "Sawa. Chukua kalamu uandike: Bulaimu anafungwa kwa sababu muke wake alikufa na Chama hakikubali. Ile nitaitia sahihi sasa hivi. Mwandiko wangu ni muzuri, uliza."

Karani mumoja nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Kalume akasema kwa upole, "Rudi nyumbani, muzee. Kunywa chai upumuzike."

Nikamuuliza, "Sukari iko wapi?"

Pale hakucheka muntu. Niliweka kadi yangu ya Chama juu ya meza yake. Miaka kumi na tatu nimeitunza ndani ya Kitabu, haina hata kona iliyokunjika. Wamenitoa ukubwa wa selile, na Jumamosi jina langu linaitwa na mwingine. Naenda, nafyeka, najibu niko. Zéphirin alikuja akaomba musamaha. Namuita Zéphirin sasa. Alishituka kama nimemumwagia maji.

Usiniambie tena ni jina tu. Mimi sikupewa shule. Majina niliyoweza kusoma kwanza katika maisha yangu ni matatu: langu, lake, na lako.

Baba yako,
Bulaimu


Kisangani, 22 Februari 1985

Baba,

Salamu. Sijui niulizeje hali yako baada ya ninayotaka kukuambia.

Waliniita. Si ofisini, mahali pengine. Walikuwa na orodha ya maneno yako, hata lile la sukari. Walisema kuna njia mbili: ama baba yangu ni mpinzani, ama baba yangu ni mgonjwa. Nikachagua mgonjwa. Niliandika na kutia sahihi kwamba tangu kifo cha mke wako akili yako imechoka, kwamba husemi kwa kukusudia, kwamba familia itakutunza. Kwa karatasi hiyo hutafungwa. Lakini wamekufuta katika daftari la wapiga kura, maana mwenye kichaa hapigi.

Nimekuokoa, baba. Najua hutaliita hivyo.

Niandikie hata mstari mmoja wa matusi.

Mwanao,
Mbaraka


Kindu, tarehe 10 Septemba 1987

Mwanangu Mbaraka,

Salamu aleikum. Umeandika mara tano na mara tano sikujibu. Haikuwa ugonjwa. Nilikuwa sina neno ambalo ningependa likae kwenye karatasi. Sasa ninalo. Mimi ni muzima, macho yanapungua, miguu inanibeba mpaka ninapotaka.

Juma hili ilikuwa kura ya wabunge. Safari hii waliweka majina mengi, wote wa Chama kimoja, fungu moja limegawanywa. Nilioga, nikavaa kanzu nyeupe, nikafika kwenye meza kabla ya wenye meza. Zéphirin akafungua daftari. Mimi simo. Wewe uliniambia, lakini nilitaka kuona. Pale palipokuwa jina langu pamepigwa mustari, na chini ya mustari, Halima, nafasi yake nyeupe, inangoja. Mimi ninayepumua nimefutwa, na marehemu yuko.

Nikachukua kiti changu nilichotoka nacho nyumbani nikakaa ubavuni mwa daftari. Mukubwa mupya wa meza akasema, huna ruhusa. Nikamuambia mimi ni kichaa, iko karatasi Kisangani, imetiwa sahihi. Kichaa anakaa anapotaka. Watu waliokuwa kwenye mustari wa kungoja walicheka sana. Akaniacha.

Nilikaa tangu asubuhi. Sikunywa maji ili nisiondoke. Swala ya adhuhuri niliswali pale pale, Zéphirin akiangalia daftari kwa ajili yangu. Alitoka jasho lakini aliangalia. Baada ya alasiri watu walipopungua kidogo, Kalume akaja mwenyewe na kalamu yake. Akageuza daftari, akaanza kushuka na wino, jina, alama, jina, alama. Alipofika kwetu nikaweka kidole juu ya Halima.

"Muzee, ondoa kidole."

"Andika kwanza kwamba hakuja."

"Nitaita askari."

"Waite. Watakuja kukamata kidole cha kichaa mbele ya watu hawa wote. Mimi niko tayari tangu 1984."

Alinivuta mukono. Mukono huu ulivuta vyuma miaka makumi tatu na moja, haukuondoka. Basi tukabaki vile, yeye na kalamu juu, mimi na kidole chini. Halafu Mama Germaine, mujane wa Michel aliyekuwa akitia kuni kwenye gari la moshi, akatoka kwenye mustari. Hajui kusoma. Akamuuliza Zéphirin, "Wangu iko wapi?" Zéphirin akamuonyesha. Akaweka kidole juu ya Michel.

Akaja muntu mwingine akatafuta baba yake. Mwingine akatafuta mutoto aliyezama mwaka juzi. Zéphirin hakungoja kuulizwa tena, alikuwa anasoma kwa sauti na kugeuza kurasa, na mwisho yeye mwenyewe akaweka kidole juu ya mama yake. Mbaraka, mikono ilijaa ile meza mpaka kalamu ilikosa pa kupita.

Kalume alifunika kalamu yake. Zéphirin akaandika, moja baada ya moja, na kila alipoandika kidole kimoja kiliondoka. Halima alikuwa wa kwanza. Nilimuambia anisomee. Akasoma: hakuja.

Sijui daftari lile lilifanywa nini kule ofisini. Sisi tulioona ni watu makumi saba, nilihesabu. Kura ijayo tutakwenda tena, na kidole kitakuwa juu ya daftari tangu asubuhi, na siku watakapoweka mafungu mawili ya kweli mimi nitadai jina langu lirudi niende nichague la pili.

Juu ya ile karatasi uliyoandika. Nimekaa nayo miaka miwili na nusu. Ni wewe njo umeitia sahihi, hakuna muntu mwingine anayeweza kuifuta. Mashua inatoka Ubundu kila ikipona. Leta mukeo, leta mutoto. Nitakupeleka kwenye kaburi, na kutoka pale tutakwenda sisi wawili mpaka kwa Kalume, na utamuambia kwa mudomo wako baba yako ana akili au hana.

Kitanda chako kimetandikwa.

Baba yako,
Bulaimu, mume wa Halima